Subaru B4 na matairi mawili mapya: kwa nini nakushauri ununue manne

"Nina Subaru Legacy B4 2.0GT ya mwaka 2006, otomatiki, niliiagiza Japani miaka miwili iliyopita. Matairi ni 215/45R17. Naishi Dodoma na kila mwezi naenda Dar na kurudi. Ya mbele yamekwisha upande wa ndani, ya nyuma bado yana kashata nzuri kiasi. Fundi kasema ninunue mawili tu niyaweke mbele. Rafiki yangu anasema nipande hadi 225/50R17 gari linyanyuke kwa sababu ya matuta. Halafu kuna duka linauza mitumba ya Japani karibu nusu ya bei. Juzi mvua ilinikuta Gairo, nikagusa breki kidogo tu, nikahisi nyuma panateleza. Nichukue yapi?"

Ndugu msomaji, umeuliza mambo kadhaa kwa pamoja, ila chini yake naona wasiwasi mmoja: hutaki kutupa matairi ambayo bado yana maisha, na wakati huohuo ile mvua ya Gairo imekutisha. Una haki ya kutishika. Nikuambie mapema ninakoelekea: nunua manne mapya yanayofanana, hata kama itabidi yawe ya bei ya kati badala ya yale ya jina kubwa. Mawili usinunue, na mtumba usinunue. Kabla ya kulipa, gari lipite kwa fundi wa miguu ya mbele, maana kuna kitu kinachoyala matairi yako na hakijatoka.

Nianze na yale ya nyuma uliyoyasifu, kwa sababu hayo ndiyo yanayonipa hofu zaidi kuliko ya mbele. Gari linaloteleza nyuma kwenye maji huku kashata (vile vipande vya mpira vilivyochongwa vinavyokanyaga barabara) zikiwa bado ndefu linanifanya niulize swali moja: hayo ni matairi ya nchi gani na ya majira gani? Inama usome ubavuni. Ukikuta neno STUDLESS, au mchoro mdogo wa mlima wenye vilele vitatu na nyota ya theluji ndani yake, umevaa matairi ya theluji. Blizzak za Bridgestone, iceGUARD za Yokohama na Winter Maxx za Dunlop ni za kundi hilo. Gari likiuzwa Japani majira ya baridi, mara nyingi huja na matairi lililokuwa limevaa, nasi huku tunayapokea tukiona kashata ndefu na kufurahi.

Mpira wa tairi la theluji umetengenezwa ubaki laini baridi ikishuka chini ya nyuzi 7, hali ambayo mpira wa kawaida huanza kukakamaa. Juu yake kashata zimekatwakatwa kwa vijistari vyembamba vingi ili zing'ang'anie barafu. Ulete mpira huo kwenye lami ya Dodoma saa nane mchana: unalegea kupita kiasi, na vile vijipande vinalala kila unapokata kona au kufunga breki. Gari linaelea. Kwenye maji huhitaji umbali mrefu zaidi kusimama, na tairi lenyewe huisha upesi. Kama ndiyo hayo uliyonayo, urefu wa kashata zake haukusaidii kitu.

Kama si ya theluji, basi tazama umri. Tafuta ubavuni herufi DOT ufuate mstari wake hadi tarakimu nne za mwisho. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka: 3524 maana yake wiki ya 35 ya mwaka 2024. Wakati mwingine tarakimu hizo zimeandikwa upande mmoja tu wa tairi, kwa hiyo huenda ukalazimika kuchungulia upande wa ndani. Michelin wanashauri tairi likishatumika miaka mitano likaguliwe kila mwaka, na wao pamoja na Continental wanashauri likifika miaka kumi liondolewe hata kama linaonekana zima. Kwa jua letu mimi huwaambia watu wasisubiri hiyo kumi. Mpira hupoteza mafuta yake na kuwa mgumu taratibu, na mpira mgumu hauingii kwenye vinyweleo vya lami iliyolowa. Huo ndio mtelezo unaousikia.

Sasa tuje kwenye ushauri wa kununua mawili. Kwa gari la kawaida linalovuta kwa mbele, kununua mawili si kosa, ingawa hata huko mapya huwekwa nyuma na si mbele. Wengi hushangaa wakisikia hivyo. Mbele pakiteleza, gari hunyooka na dereva anahisi usukani ukiwa mwepesi, anapunguza mwendo. Nyuma pakiteleza, gari linazunguka, na dereva wa kawaida hawezi kulirudisha. Kwa hiyo tairi bora hukaa nyuma siku zote.

Lakini B4 yako inasukuma magurudumu yote manne kila wakati. Ndani ya giaboksi yako kuna difu ya kati inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, ikisimamiwa na klachi ya sahani nyingi zinazoogelea kwenye mafuta ya giaboksi. Klachi hiyo imekusudiwa kuruhusu tofauti ndogo ya mwendo, kwa mfano unapokata kona, kisha ipumzike. Ukiweka mbele matairi mapya yenye kashata za milimita 8 na kuacha nyuma yenye milimita 5, ya mbele yanakuwa makubwa kwa nusu kipenyo cha milimita 3, na duara lake linazidi kwa karibu milimita 19. Subaru wenyewe wanataka mzunguko wa matairi manne usitofautiane kwa zaidi ya robo inchi, yaani milimita 6 na kidogo. Hiyo ni sawa na tofauti ya kashata ya milimita 1 hivi. Wewe ungekuwa umezidisha mara tatu.

Fanya hesabu ya safari yako. Dodoma hadi Dar ni kama kilomita 450. Kwa tofauti ya milimita 19, magurudumu ya nyuma yatazunguka zaidi ya mara 2,000 kuliko ya mbele ndani ya safari moja, barabara ikiwa imenyooka, na mizunguko hiyo yote ya ziada lazima imezwe na ile klachi. Inasuguana, inapata joto, mafuta yanaungua, sahani zinaanza kushikana. Gharama ya kufungua giaboksi hiyo itakufanya uyakumbuke yale matairi mawili uliyokwepa kuyanunua. Ndiyo maana sikubaliani na fundi wako, ingawa najua alikuwa anakuonea huruma mfukoni.

Kuna jambo la kupima leo hii. Kwa kuwa ya mbele yamekwisha na ya nyuma hayajaisha, tofauti hiyo tayari unatembea nayo, ila imegeuka: nyuma ni makubwa, mbele ni madogo. Tafuta uwanja tambarare, gari likiwa limeshapata moto, weka D, kata usukani hadi mwisho na uache gari litambae polepole bila kukanyaga mafuta. Likizunguka kwa ulaini, sawa. Likikaba, likijivuta, au likirukaruka kama mtu ameshika breki ya mkono, simamisha zoezi na umwone fundi wa giaboksi za Subaru kabla ya kwenda dukani. Angalia pia rangi na harufu ya mafuta ya giaboksi. Mafuta yaliyogeuka kahawia na kunuka kuungua yanasimulia habari hiyohiyo.

Na ule ulaji wa upande wa ndani? Hapo tairi halina kosa. Pitisha kiganja juu ya kashata kutoka ndani kwenda nje, kisha kutoka nje kwenda ndani. Ukihisi kiganja kinateleza uelekeo mmoja na kukwaruzwa kama kwa meno ya msumeno uelekeo mwingine, magurudumu yako hayatazami mbele sawasawa. Yanakokotwa kidogo kwa ubavu kila mita unayotembea. Sababu inaweza kuwa alaimenti (mpangilio wa mielekeo ya magurudumu) iliyoharibiwa na shimo, bushi (mipira ya viungo vya miguu) zilizopasuka, tairodi (fimbo za usukani) zilizolegea, au springi za kushushia gari alizofunga mmiliki wa kwanza kule Japani. Ulaji ulio laini uelekeo wote lakini umeegemea ndani tu huashiria gurudumu lililolala, yaani lililoinamia ndani kwa juu. Kubadilisha matairi bila kugusa hayo ni kuyapeleka mapya kwenye machinjio yaleyale. Bushi na tairodi zikaguliwe kwanza, zilizochoka zibadilishwe, matairi mapya yafungwe, kisha alaimenti ifanyike siku hiyohiyo kwenye mashine inayokupa karatasi ya vipimo vya kabla na baada. Usikubali alaimenti ya magurudumu ya mbele pekee. Miguu ya nyuma ya B4 nayo hurekebishwa.

Rafiki yako ana hoja nzuri, ila ametaja saizi isiyofaa. Soma namba hizo hivi: 215 ni upana kwa milimita, 45 ni kimo cha ubavu kikiwa asilimia 45 ya upana huo, 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Tairi lako la sasa lina kimo cha ubavu cha milimita 97 na kipenyo cha jumla cha milimita 625. Lile la 225/50R17 lina kipenyo cha karibu milimita 657. Limezidi kwa asilimia 5. Faida yake halisi ni kunyanyua gari kwa milimita 16, upana wa kidole kimoja. Hasara yake: dashibodi ikisema 100 wewe uko 105, gari linakuwa zito kuondoka, na kwenye Subaru kuna sahani ya springi ya shokapu inayokaa juu kidogo tu ya tairi. Tairi refu linaweza kuigusa gari likiwa limebeba watu na kudunda kwenye tuta. Ubavu uliokwanguliwa hapo hupasuka bila kuaga.

Ninayoipenda kwa gari lako ni 225/45R17. Kipenyo chake ni milimita 634, ongezeko la asilimia moja na nusu hivi, na rimu yako ya inchi 7 inalibeba bila tatizo. Ubavu unaongezeka milimita 4 na nusu, kidogo, lakini kwenye shimo kila milimita ya mpira kati ya rimu na ukingo wa lami ina kazi yake. Faida kubwa zaidi ni dukani. Saizi hiyo inavaliwa na BMW, Golf na Mercedes za rika mbalimbali, kwa hiyo ipo madukani, ina kampuni nyingi za kuchagua, na bei yake inashindaniwa. Ile ya 215/45R17 unaweza kuikosa kabisa Dodoma ukalazimika kuchukua lililopo.

Kama barabara zako nyingine ni mbovu kweli, kuna njia ya kushuka hadi rimu ya inchi 16 na tairi 205/55R16. Kipenyo ni milimita 632, ubavu milimita 113, na ni miongoni mwa saizi zinazouzwa sana duniani, hivyo ni rahisi kwa bei. Gari litakuwa laini zaidi kwenye matuta, usukani utakuwa mzito wa kujibu kidogo. Shida ni kwamba breki za mbele za GT ni kubwa, na si kila rimu ya 16 inapita juu ya kaliper, kile kifaa kinachobana diski ya breki. Jaribu rimu moja gurudumu la mbele, izungushe kwa mkono, kabla hujalipia nne. Na jihadhari na rimu za Toyota: zipo zenye boliti tano na duara la 100 kama za Subaru yako, ila tundu la katikati ni milimita 54.1 wakati hab yako (kitovu rimu inapokaa) ni 56.1. Hazitaingia, na asitokee mtu wa kukuchongea.

Mtumba sitauzungushia maneno. Tairi lililotumika lina historia usiyoweza kuisoma. Huoni kama lilitembea bila upepo, huoni nyuzi za chuma zilizokatika ndani, na viraka vimefichwa upande wa hewa. Kwenye gari linaloweza kukaa mwendo wa barabara kuu kwa saa tano mfululizo, kwenye joto la kuanzia Morogoro kushuka Chalinze, hilo ndilo tairi linalopasuka. Kuna ubaya mwingine unaokuhusu wewe hasa: ni vigumu kupata mitumba minne ya aina moja, umri mmoja na kashata zinazolingana kwa milimita moja. Halafu yapo yaliyochongwa upya kwa kisu cha moto. Ukitaka kuyajua, angalia ndani ya mifereji mikuu: tairi zima lina vijituta vidogo vya alama ya mwisho, vyenye kimo cha milimita 1.6, vinavyokatiza mfereji. Vikiwa vimekatwa au havipo, ondoka dukani.

Ukiwa mbele ya matairi mapya, baada ya saizi soma namba na herufi inayofuata, kwa mfano 91W au 94W. Namba ni uzito: 91 ni kilo 615 kwa kila tairi, 94 ni kilo 670. Lako la asili kwa kawaida ni 87, kilo 545, kwa hiyo hapo unapanda, hushuki. Herufi ni mwendo: T ni kilomita 190 kwa saa, H ni 210, V ni 240, W ni 270. Watu huniambia, "Mimi siendi 240, kwa nini nilipie W?" Herufi hiyo ni kipimo cha uwezo wa tairi kustahimili joto. Kwenye mwendo wa kilomita 100 kwa saa tairi lako linazunguka karibu mara 14 kila sekunde, na kila mzunguko ubavu wake unakunjwa na kukunjuliwa. Hapo ndipo joto linapozaliwa. Tairi la W limejengwa kuvumilia mengi zaidi ya hayo, na akiba hiyo unaihitaji siku umebeba watu watano na mizigo, jua kali, upepo pungufu kidogo. Usishuke chini ya V.

Kuhusu kampuni, najua ungependa nikutajie moja. Pesa ikiruhusu, Michelin, Continental, Bridgestone, Yokohama au Dunlop, aina zao za barabarani za majira ya joto. Usitishwe na jina hilo la majira ya joto: matairi hayo hufanya vizuri sana kwenye mvua, na nchi yetu haina siku yanayoishindwa. Pesa ikiwa ya kati, Hankook, Kumho, Toyo na Falken ni matairi ya kweli. Kwa ya Kichina sina dharau. Yapo mazuri na yapo ya hovyo, na kinachotenganisha ni vipimo. Tafuta ubavuni herufi E ndani ya duara, na karibu yake maandishi kama S2WR2. Ile W, ambayo si ile ya mwendo, inasema tairi limefaulu kipimo cha chini cha kushika barabara iliyolowa kwa kanuni za Umoja wa Mataifa. Tafuta pia maneno TRACTION na TEMPERATURE: chukua A au AA kwa la kwanza, A kwa la pili. Ile namba ya TREADWEAR kila kampuni hujipa yenyewe, kwa hiyo usilinganishe ya kampuni moja na ya nyingine. Itakusaidia tu kuyakwepa matairi ya mashindano yenye 200 kushuka chini, ambayo huisha haraka na mifereji yake ni michache kwa mvua ya masika.

Kama hesabu haifiki manne ya bei ya juu, shuka ngazi ununue manne ya kati. Kama haifiki hata hayo, ahirisha ile safari ya Dar, tembea na gari mjini taratibu, ukusanye. Najua si jibu ulilotaka.

Upepo nao una uzushi wake. Karibu kila stendi utasikia kwamba kwenye joto upunguze upepo ili tairi lisipasuke. Ni kinyume kabisa. Upepo pungufu ndio unaoufanya ubavu ukunjike zaidi na kuchemka zaidi. Soma kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva, jaza kiasi hicho asubuhi gari likiwa halijatembea, na uupandishe hadi kiwango cha mzigo kamili unapobeba watu. Kipimo kikipanda njiani kwa PSI 3 au 4, kiache hivyohivyo. Hayo mahesabu mtengenezaji alishayafanya.

Siku ya kufunga, simama uangalie. Tarehe za manne zikaribiane. Lenye neno OUTSIDE upande huo ukae nje. Lenye mshale, uelekee mbele. Balansi, yaani kusawazisha uzito wa gurudumu, ifanyike kwa yote manne. Kilomita mia mbili au tatu za kwanza usikate kona kwa kasi wala kufunga breki kwa nguvu, kwani uso wa tairi jipya bado una utelezi wa kiwandani. Baada ya kilomita 50 hadi 100 nati zikazwe tena kwa spana ya kipimo. Kisha kila kilomita 8,000 yabadilishane nafasi mbele na nyuma, hapo yataisha pamoja, na difu yako itabaki salama. Pancha ya katikati ya kashata izibwe kwa kiraka cha ndani. Ya ubavuni haizibwi.

Usiendelee na safari kwa ushauri wangu wa mbali kama utaona nundu ubavuni, kama usukani utatetemeka baada ya balansi kufanyika vizuri, kama gari litavuta upande mmoja baada ya alaimenti, au kama lile zoezi la uwanjani limekupa mkabo. Hayo yanahitaji gari liinuliwe na mtu alishike kwa mikono. Ukienda, beba karatasi ya vipimo vya alaimenti na umweleze fundi jinsi gari lilivyoteleza Gairo, mwendo uliokuwa nao na kama ulikuwa kwenye kona au umenyoosha.